Safari ya Kawangware Kuirudisha Angarebu Yangu

Nilitoka Kambi Muru kwenda Kawangware kwa sababu mwanangu wa kumzaa, Ramadhani, aliuza kitanda changu nikiwa sipo. Nasema hivyo mapema, mtu asije akadhani nilienda kutembea. Mimi si mtu wa kutembea. Goti langu la kushoto limekataa tangu vita hivi vya pili vilipokwisha, na siku hizi nikitoka nyumbani ni kwa harusi, kwa msiba, au kwa hasira. Hii ilikuwa ya hasira.

Nilikuwa nimekwenda Kibigori kumwona dada yangu mgonjwa. Nikarudi na gari la moshi, nimechoka, masizi yamejaa puani, nikafungua mlango wa chumba changu. Palipokuwa na angarebu yangu pamesimama kitu cha chuma chenye waya zilizojikunja kama mikia ya nguruwe. Ramadhani nyuma yangu anacheka kama mtu aliyeleta zawadi.

"Kitanda cha springi, mama! Kama cha Wazungu. Kaa uone kinavyokurusha juu."

"Angarebu yangu iko wapi?"

"Ile ya zamani? Alipita mtu na mkokoteni ananunua vitu vya zamani. Nikampa, nikaongeza kidogo, nikapata hiki. Ya nini ulalie ngozi kuukuu, mama, na mimi mwanao niko hai?"

Kwa msomaji asiyetujua sisi Wanubi wa Kibra, angarebu ni kitanda cha mti chenye matendegu manne manene, kimewambwa kwa kamba za ngozi ya ng'ombe zilizokazwa zikiwa mbichi zikakauka zikawa ngumu kama mfupa. Hii yangu marehemu bwana yangu aliichonga mwenyewe alipotoka Keya, jeshi la Mfalme wa Wazungu, akapewa ruhusa ya kukaa hapa wakati hapa ni msitu mtupu na chui anapita mlangoni kama jirani. Watoto wangu wote niliwazaa juu yake, na huyo Ramadhani mmoja wao. Na kwetu msichana akitiwa hina ya harusi hukalishwa juu ya angarebu aliyozaliwa juu yake mzazi wake. Si juu ya yoyote. Juu ya hiyo. Halima, binti wa huyo huyo Ramadhani, alikuwa aolewe Ijumaa, na hina ni Alhamisi. Mama mkwe wake, mwanamke wa Makina mwenye jicho la kupekua mpaka chini ya jamvi, alikuwa ameshaniuliza kama angarebu ya ukoo ipo. Nilimjibu ipo. Nilimjibu mbele ya watu.

Nilimwambia Ramadhani maneno ambayo siyaandiki hapa. Halima akanishika mkono. "Haboba," akasema, maana bibi sisi tunamwita haboba, "acha tu. Nitakaa juu ya mkeka."

"Mkeka ni wa msibani," nikamwambia. "Kwani nani amekufa?"

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, nilijifunga gurbaba yangu, ile nguo nzito ya maua tunayovaa kiunoni, nikajitanda shuka jeupe, nikachukua fimbo. Ramadhani alikuwa amenitajia jina la yule mnunuzi, Mbugua wa Kawangware. Akasema basi atakwenda yeye. Nikamwambia kaa hapo hapo, ukienda wewe utaniletea na choo cha springi.

Kutoka Kambi Muru nilikata mashamba ya mahindi mpaka reli, nikaivuka, nikaingia upande ambao zamani tulikuwa tunaokota kuni tukiwa kundi kwa kuogopa wanyama. Sasa miti ya kivuli unaitafuta kwa macho. Watu wanasema Kibra imeendelea. Mimi naona imenyolewa.

Kwenye barabara ya Ngong magari ya Wazungu yalikuwa yanateremka mjini, na kila moja lilinipiga vumbi usoni. Bwana yangu alitembea kwa miguu mpaka kwa Wajerumani na kurudi, kwa ajili ya Mfalme, akarudi na vidole vya mguu pungufu. Na mjane wake anakula vumbi la watu wa Mfalme. Nilisimama nikajipangusa, nikasema maneno kwa Kinubi, nikaendelea.

Dagoreti Kona nilipumzika kwa mama mmoja aliyekuwa anauza uji wa wimbi. Aliponiona navuta mguu akanipisha kwenye gunia lake nikae.

"Unaenda kwa nani, cucu?" akaniuliza, kwa hilo neno lao la bibi.

"Kwa Mbugua anayenunua vitu vya zamani."

Akacheka mpaka kibuyu kikayumba. "Mbugua wa takataka! Fuata hii njia yenye miti ya mwati. Ukiona godoro juu ya mti, umefika. Lakini jikaze. Alinunua kinu cha mama yangu, nikakutana nacho kwa Mzungu kimewekwa miavuli."

Maneno hayo yaliniongezea mguu. Nilifika Kawangware jua halijawa kali.

Duka la Mbugua si duka, ni banda refu la mabati, na godoro lilikuwa kweli juu ya mti, linaanikwa. Ndani usingejua pa kukanyaga. Walowezi wakirudi kwao au wakifa vitu vyao hupigwa mnada, na vinavyobaki mnadani huishia kwake. Palikuwa na viti vyenye miguu ya simba, santuri yenye pembe kubwa kama ua la boga, saa ya ukutani iliyokatwa mishale, kofia za manyoya ya mbuni, na magauni yale ya kuburura chini niliyokuwa nayapiga pasi nilipokuwa yaya kijana. Eti sasa yamerudi. Mbugua mwenyewe aliniambia baadaye kwamba wasichana wa Kizungu wanayanunua, wanayakata kidogo, wanavaa kwenye dansi. Nilipokuwa nayapiga pasi mwenye gauni alinizaba kofi kwa kukunja vibaya. Leo mjukuu wake anayanunua kwa Mkikuyu.

Kando ya mlango palikuwa na mwanamke amekumbatia chombo kikubwa cheupe chenye mawaridi na mkono mmoja wa kushikia pembeni. Anamwambia mwenzake kitapendeza kwa supu siku ya harusi ya mwanawe.

"Binti yangu," nikamwambia, "hicho umeshakilipia?"

"Bado, mama. Si kizuri?"

"Ni kizuri. Nilikuwa namwaga vitu vyake kila asubuhi, mwaka mzima, kutoka chini ya kitanda cha Mzungu."

Alikitua chini polepole kama yai. Mwenzake akatoka nje kucheka. Ndipo Mbugua akaja mbio, mtu mfupi, kofia ya kiaskari kichwani, koti la suti lenye mabega mapana kuliko yeye.

"Cucu, cucu! Usinifukuzie wateja. Unatafuta nini? Sufuria? Kiti?"

"Natafuta angarebu. Kitanda cha ngozi. Ulikinunua Kambi Muru kwa mtu anaitwa Ramadhani, mwenye mwanya mbele na akili kidogo."

Akatabasamu. "Hivyo ndivyo vinakwenda sana. Njoo uone."

Tukazunguka nyuma ya banda. Huko fundi wake alikuwa ametundika viti vya miguu mitatu, vipya kabisa, juu ya moto wa majani mabichi, anavifukiza kama samaki. Vingine vimeshatolewa, vinapakwa samli na masizi, na fundi ana msumari wa moto anatoboa vitundu vidogo vidogo.

"Hivyo vitundu ni vya nini?"

"Ni vya dudu," Mbugua akasema bila haya. "Wazungu wakiona dudu amekula wanajua kitu ni cha babu. Vya zamani vimekwisha, cucu, na wao bado wanataka. Sasa tunavizeesha. Hiki nimekizeesha tangu Jumatatu."

"Mimi nimezeeka tangu zamani za vita vya kwanza," nikasema, "na hakuna aliyenipaka samli."

Akanivutia angarebu. Yaani kitu alichokiita angarebu. Mti wa mwati, laini, umepakwa masizi mpaka mkono wangu ukawa mweusi. Kamba za mkonge badala ya ngozi. Nikakaa. Ikalia kwii, ikaniteremsha mpaka goti likagusa kidevu. Fundi akaja kunivuta mkono. Niliinuka nikiwa sina tena lugha ya adabu.

"Wewe ni mtu au ni fisi? Niuzie changu! Chenye matendegu ya mzaituni, moja lina alama ya shoka kwa ndani!"

Mbugua akakuna shingo. "Hicho cha alama ya shoka hakiko. Kilikaa hapa usiku mmoja tu. Kilichukuliwa na memsahib wa ng'ambo ya bonde. Alikipenda mpaka akajishika mashavu. Cucu, chukua hiki, nitakuongezea pazia."

Pazia lenyewe lilikuwa la mahameli nyekundu, kutoka nyumba ya mlowezi mmoja aliyekufa, limekunjwa bomba refu kama mtu. Sikumtazama usoni, lakini pazia nililitazama, maana Halima alikuwa anataka mito ya mahameli na mjini sikuweza bei yake. Nikalinunua kando, nikamlipa, sikutaka zawadi ya mtu yule. Nikamwambia, sasa nipeleke kwa huyo memsahib.

"Mimi? Ni mteja wangu mkubwa!"

"Basi nitakwenda peke yangu nimweleze hivi viti vinavyofukizwa."

Akachukua pazia langu begani, akatangulia.

Tulishuka bondeni, tukavuka kijito kwa jiwe, tukapanda upande wa pili ambapo ua wa miiba umekatwa sawasawa kama nywele za askari. Mbugua akajificha nyuma ya ua. Mimi nikapita mlango wa jikoni, maana huko ndiko tunakoonyeshwa, nikakutana na mpishi, mtu mzima Mluhya aitwaye Wafula, aproni safi kuliko nguo zangu za Idi.

"Karibu, kukhu," akasema, kwa neno la kwao la bibi. "Umepotea?"

"Sijapotea. Nimefuata kitanda changu."

Akatazama juu kama mtu aliyesikia radi. "Kile cha baraza? Kukhu, rudi nyumbani. Hapa hata kijiko hakitoki."

Lakini nilikuwa nimeshazunguka nyumba. Nikaiona. Angarebu yangu imewekwa barazani, imewekewa mito ya maua, na kando yake meza ya chai. Juu yake, pale pale nilipomzaa Ramadhani, amelala mbwa. Mbwa mwekundu, mkubwa, ulimi nje, anadondosha mate kwenye ngozi ambayo bwana yangu aliivuta kwa meno. Akafungua jicho moja akanitazama kama mimi ndiye mgeni.

Sijui nilipiga kelele gani. Mbwa alishuka. Memsahib akatoka, kofia ya jua kichwani, kitabu mkononi.

"Iko nini hapa? Wewe nani?" akasema kwa Kiswahili chao cha Kisetla.

"Mimi mwenye kitanda."

"Hapana! Hii yangu. Mimi nalipa. Hii kitu ya zamani, kitu muzuri sana. Kila siku mimi lala hapa, soma kitabu. Wewe nunua ingine, mupya."

"Mwanangu aliuza kitu kisicho chake. Nitakurudishia hela yako."

"Hapana taka hela. Taka hii. Kwa sababu iko ya zamani." Akapapasa tendegu langu, akamwambia Wafula kitu kwa Kizungu, na Wafula akakitafsiri akiwa anatazama chini: "Anasema vitu kama hivi huko kwenu hamvijali tena, mnaviacha vioze. Yeye anavihifadhi."

Hapo damu ilinipanda mpaka masikioni. Hatuvijali! Mtu anayelaza mbwa! Nikamwambia Wafula, mwambie basi anachohifadhi. Mwambie neno kwa neno, usipunguze hata moja.

Nikaeleza. Kwamba angarebu kwetu si ya kulala na kuzaa tu. Mtu akifa ndiyo inayombeba mpaka makaburini. Yangu ilikuwa pana na imara, basi kila nyumba ya Kambi Muru iliyofiwa ilikuja kuiazima. Ilimbeba mama yangu. Ilimbeba bwana yangu, aliyeichonga. Iliwabeba wote wa ile homa mbaya, mmoja akitolewa mwingine anawekwa, na hatukuwahi kuiosha ikakauka. Na kila ilipotoka makaburini ilirudi chumbani kwangu, nikailalia usiku ule ule, kwa sababu waliopita juu yake ni watu wangu na mimi siwaogopi.

Wafula alitafsiri. Nilimwona memsahib akianza kwa kutabasamu, kisha akaacha kutabasamu, kisha mkono wake ukaondoka kwenye tendegu kama lina moto.

"Watu nakufa?" akaniuliza mimi mwenyewe. "Hapa? Juu hapa?"

"Wengi, memsahib."

Akapiga yowe. Akajipangusa mikono, akajipangusa gauni, akajipangusa hata kitabu. "Toa! Chukua! Choma! Wafula, choma leo, choma sasa!" Akamwita mtu wa bustani alete mafuta ya taa.

Nilidhani nimeshinda, kumbe nimeipeleka motoni kwa ulimi wangu. Mtu wa bustani alikuja kweli na debe. Walivuta angarebu mpaka kwenye majani, memsahib anasimamia kutoka mlangoni, leso puani. Nikapanda nikalala juu yake, chali, nywele za mbwa na yote, nikakunja mikono kifuani.

"Nichomeni nayo," nikasema. "Mmefika nusu ya kazi. Wa kubebwa yupo tayari."

Mtu wa bustani akaweka debe chini. Memsahib akaingia ndani akafunga mlango, akafunga na dirisha.

Wafula akainama karibu na sikio langu. "Kukhu, memsahib amesema ichomwe. Hakusema ichomewe wapi. Huko Kibra hamna kiberiti?"

Mungu ampe maisha marefu mtu yule. Akavua aproni. Mtu wa bustani akashika nyuma. Tulipotoka nje ya ua nikamwita Mbugua kutoka mafichoni, na nilipomkumbusha tena habari ya viti vyake na yale matundu ya dudu, akamwita na fundi wake kutoka ng'ambo. Wakawa wanne, mmoja kila tendegu.

Pale kijitoni niliwasimamisha. Mbwa ameilalia, na kwetu kitu kilichoguswa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nilisimamia mwenyewe, gurbaba imepandishwa magotini.

"Mara saba!" Mbugua akalalamika, suti yake imelowa. "Kwani kimeua mtu?"

"Wewe ndiye ulikiuza kwa mwenye mbwa. Sugua."

Ngozi ikilowa inakuwa nzito mara mbili, basi hawakuweza tena kuibeba mikononi, wakaiinua mabegani. Nikatandika majani ya migomba, nikalaza lile pazia langu la mahameli juu lilivyokunjwa, na kwa sababu ya vumbi nikalifunika kwa shuka langu jeupe. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa nafikiri Alhamisi.

Barabara ya Ngong tuliivuka salama. Lakini baada ya reli wale wanaume walikaza mwendo, mvua ilikuwa inanuka, na goti langu likabaki nyuma. Nikawaambia tangulieni, ulizeni Kambi Muru kwangu, kwa Mama Zenabu. Niliwaona wakipotea kwenye kona ya kuingilia Makina.

Sasa ninyi wa Kibra mnajua kilichotokea, lakini acha niwaandikie wengine. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Wanaume wamekaa kibarazani mwa msikiti. Wanaona angarebu inakuja mabegani mwa watu wanne, mbio mbio, na juu yake kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe. Kwetu hapo mtu haulizi. Kuuliza ni utovu wa adabu. Unainuka, unapokea bega, unasema la ilaha illa Llah, unatembea. Basi waliinuka wote. Mbugua aliniambia baadaye kwamba alidhani ni wezi, lakini hajawahi kuona wezi wapole vile, mmoja alimshika mkono akamwambia, "Mungu akulipe, ndugu, pumzika."

Halafu mtu mmoja akaitambua alama ya shoka. Nani asiyeijua? Imewabeba wazazi wao. Akasema, hii ni angarebu ya Mama Zenabu. Mwingine akasema, Mama Zenabu ametoka asubuhi kwa miguu, ana hasira, na goti lile. Na habari ikafika Kambi Muru kabla yangu.

Mimi nilikuwa bado kwenye njia ya mahindi naona wanawake wanakimbia, mikono kichwani. Nikamwuliza mmoja, nani amefariki? Akapita akilia, "Mama Zenabu, Mama Zenabu!" bila hata kunitazama. Nikadhani ni Zenabu mwingine. Nikasema inna lillahi.

Nilipofika kwenye lango la msikiti nilisikia kabla ya kuona. Mzee mmoja tuliyekua pamoja, ambaye mwezi wa Ramadhani anafuturu kwenye sahani yangu, alikuwa anasema, "Alikuwa na mdomo, lakini Mungu ni mwenye kusamehe."

"Mdomo nao umepumzika," mwenzake akajibu.

"Umepumzikia kwa nani?" nikauliza.

Mtu mmoja akaangusha tasbihi. Mwingine akarudi nyuma mpaka akakaa ndani ya beseni la kutawadhia. Angarebu ilikuwa imetuliwa katikati ya ua, na Ramadhani, mwanaume mwenye ndevu, amepiga magoti amelikumbatia tendegu, paji la uso kwenye mti, analia: "Mama, ningekuachia kitanda chako. Mama, ningekuachia."

"Hamkuweza hata kufunua?" niliwaambia wote. "Mngesalia pazia! Mngezika mahameli ya Halima mkarudi nyumbani mkala pilau!"

Ramadhani aliinua kichwa, akaniona, akalia zaidi. Watu walitaka nimwinue. Sikumwinua. Siku niliyofungua mlango wa chumba changu na mimi nililia, hakuna aliyeniinua. Nilimwacha mpaka akamaliza, akajifuta kwa mkono wa kanzu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Shika hapo mbele. Na ulale nacho wewe kile cha springi."

Wafula na wenzake nilikwenda nao nyumbani, wakala wakashiba. Mbugua alitazama kuta zangu, akatazama birika langu la kahawa, akafungua kinywa. Nikamwonyesha mlango, akafunga kinywa, akaongezewa nyama.

Alhamisi mama mkwe wa Halima alikuja na wanawake wa Makina na hina yao. Alikwenda moja kwa moja kwenye angarebu, akapitisha kiganja juu ya ngozi.

"Ina unyevu," akasema.

"Imeoshwa."

"Mara ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. "Saba," nikasema.

Mwislamu yeyote anajua kitu kinachooshwa mara saba kimeguswa na nini. Chumba kizima kilijua. Halima alikuwa amesimama na nguo yake mpya, ananitazama mimi, kisha anamtazama yeye. Yule mwanamke akasogeza gurbaba yake, akajikalisha mwenyewe ukingoni mwa angarebu, akapiga-piga mahali kando yake. "Njoo, mwanangu," akamwambia Halima. "Kaa. Lete miguu."

Niliyojifunza Kawangware ni haya, na sijapoa. Watu wanaopenda vitu vya zamani wanatupenda tukishakufa. Yule memsahib alikipenda kitanda mpaka alipojua kina wenyewe. Mbugua hawezi kumngoja mtu afe, anafukiza viti. Na watu wangu mwenyewe walikuwa radhi kunisalia bila kuinua ncha ya shuka, kwa sababu waliona kitanda cha zamani wakadhani na mwenyewe ameshakwisha. Sijakwisha. Angarebu iko chumbani kwangu, nalala juu yake, na tendegu lenye alama ya shoka liko upande wa kichwa. Atakayepita na mkokoteni asimwulize Ramadhani. Aniulize mimi. Asubuhi niko shambani kwenye mboga, na jembe langu liko mkononi.